Stempu ya zamani ya Marekani inakuchanganya? Fuata dalili kwanza, bei baadaye

Umepata stempu ya zamani ya Marekani, ina kichwa cha George Washington, imeandikwa U.S. POSTAGE na senti 3, basi, mwaka hakuna. Unafungua katalogi kutafuta picha yake unakuta sura ileile imerudiwa kurasa na kurasa, kila moja na namba yake, hii bei ya soda ile bei ya kiwanja, na jicho lenyewe linakimbilia ile ya kiwanja. Hapo ndo wengi wanapopotelea.

Ninachosisitiza mimi kwa kila anayeanza ni kimoja tu: ichukulie stempu yako kuwa ni ile ya kawaida kabisa mpaka yenyewe ikupe ushahidi kwamba siyo. Na ushahidi mara nyingi hauko kwenye picha, uko kwenye kingo, kwenye karatasi, mgongoni na kwenye milimita, kwasababu wachapaji wa Marekani kuanzia 1847 mpaka miaka ya 1920 walikuwa wanarudiarudia sura zilezile huku wakibadilisha karatasi, meno (yale matundu ya kuchania pembezoni) na mitambo.

Vifaa ni vichache. Lenzi ya kukuza mara 10, kibano kisicho na ncha kali, rula ya milimita, kipimo cha meno (kinahesabu matundu mangapi yanaingia kwenye sentimita 2, kwahiyo ukisikia "meno 12" maana yake matundu 12 kwa sentimita 2), na kisahani cheusi cha kuangalizia alama ya maji (alama iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe). Kwa alama ya maji watu wanatumia benzini safi au mafuta ya kujazia laita, yale ya maji sio gesi. Petroli ya sheli usiiguse, inaacha mafuta kwenye karatasi. Na fungua dirisha, weka mbali na moto, hiyo kitu inashika moto haraka sana.

Haina meno kabisa

Hii ndo dalili inayowapa watu presha maana wanajua stempu za kwanza hazikuwa na meno. Kweli, Marekani ilitoa stempu bila meno kuanzia 1847, na meno yakaanza 1857. Lakini sababu ya stempu yako kukosa meno inaweza kuwa yoyote kati ya hizi, na anza na zile za chini chini.

Kwanza cheki kama imekatwa kwenye bahasha. Kuanzia 1853 posta ya Marekani iliuza bahasha zenye stempu iliyochapwa hapohapo, kichwa cheupe kimevimba juu ya karatasi, na watu wamezikata tangu enzi hizo. Pitisha kidole taratibu, kichwa kimeinuka? Basi hiyo ni kipande cha bahasha, ni kitu halali kukusanya lakini kina sehemu yake kwenye katalogi.

Pili, angalia pande zote nne. Upande mmoja tu umenyooka, au miwili inayokutana kwenye kona? Hiyo ni stempu ya kawaida iliyotoka kwenye ukingo wa shiti, mashiti makubwa yalikatwa vipande kabla ya kupelekwa posta na zilizokaa kwenye mstari wa kukatia zikabaki na upande mnyoofu. Pande mbili zinazotazamana zimenyooka? Inaweza kuwa ya rola, zile zilizoviringishwa kwa ajili ya mashine za kuuzia, hizi tutazirudia.

Tatu, kuanzia 1906 serikali iliuza tena mashiti yasiyo na meno kwa kampuni za mashine za kuuzia stempu, kwahiyo kuna Washington wasio na meno wengi tu ambao hawana uhusiano wowote na miaka ya 1850.

Nne, na hii ndo yenye ubaya, mtu amechukua mkasi akaondoa meno. Kwa senti 3 ya Washington ya miaka ya 1850 kuna namna nzuri sana ya kumkamata. Chukua lenzi uangalie juu kabisa na chini kabisa ya mchoro. Stempu ya 1851 isiyo na meno ina mstari mwembamba wa fremu juu na mwingine chini. Ilipofika 1857 walivyoanza kutoboa meno nafasi ikawa ndogo, wakatengeneza bamba mpya ambazo mistari ya juu na chini haipo, imebaki ya pembeni tu, na stempu za bamba hizo zilitoka na meno. Kwahiyo ukiona senti 3 nyekundu "isiyo na meno" alafu haina mistari ya juu na chini, usihangaike zaidi, ilikuwa na meno, yamekatwa. Ikiwa na mistari hiyo bado haijashinda, maana zipo zenye meno zenye mistari pia, sasa hapo unaangalia nafasi nyeupe pembeni: iko ya kutosha pande zote au mchoro umeguswa? Stempu za 1851 zilipangwa karibu karibu kwenye shiti kwahiyo nafasi finyu peke yake sio dalili ya uongo, ila finyu pande zote nne na kingo zimenyooka kama zimepigiwa rula, mimi naiweka kundi la 1857 bila kusita.

Inafanana na ya kwanza kabisa, ya 1847

Stempu za kwanza za taifa zilitoka tarehe 1 Julai 1847, mbili tu: Benjamin Franklin senti 5 ya kahawia, na Washington senti 10 nyeusi. Chini kabisa kuna herufi ndogo R W H & E, hao ndo wachapaji wa New York, Rawdon, Wright, Hatch & Edson.

Rangi yako ni ipi? Kama Franklin ni wa bluu na Washington ni wa kahawia ya kuelekea rangi ya chungwa, umeshika kipande cha karatasi ya ukumbusho ya 1947, ya kuadhimisha miaka 100, ambayo watu waliikata wakabaki na stempu mbili nzuri zisizo na meno. Hii ndo sababu nambari moja, na ni stempu ya bei rahisi.

Rangi ziko sawa? Bado. Mwaka 1875 serikali yenyewe ilichapa nakala rasmi za hizi mbili kwa ajili ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876, kwa mchongo mpya kabisa, bila gundi, na hazikuruhusiwa kutumika kwenye barua. Tofauti inaonekana kwa lenzi. Kwenye Franklin fuata marinda meupe ya shati upande wa kushoto uone yanagusa wapi fremu ya yai inayozunguka picha: kwenye ya 1847 yanagusa usawa wa juu ya herufi F ya neno FIVE, kwenye nakala yanagusa juu zaidi, usawa wa kichwa cha tarakimu 5. Na zile herufi R W H & E kwenye nakala zimefifia ukilinganisha na zenyewe. Kwenye Washington fuata mstari wa koti: kwenye ya 1847 upande wa kushoto unaelekea kwenye T ya TEN na upande wa kulia unaelekea katikati ya T na S za CENTS, kwenye nakala unakuta unaelekea ncha ya kulia ya X (kumi ya Kirumi) na upande wa pili katikati ya S. Nakala za 1875 nazo zina thamani, usizitupe.

Alafu zipo za kuchapwa tu na watu binafsi, picha ya bapa, karatasi nyeupe mno. Ya kweli ilichapwa kwa bamba la kuchongwa na wino umekaa juu ya karatasi, ukiinamisha kwenye mwanga mistari inaonekana imesimama.

Sijui ni ya 1857 au ya 1861

Hii ni rahisi. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1861 posta za Kusini, kwenye majimbo yaliyojitenga, zilibaki na akiba kubwa ya stempu, serikali ya Washington ikaamua kuzifutia thamani zote za zamani na kutoa mpya, na kazi ikahama kutoka Toppan, Carpenter wa Philadelphia kwenda National Bank Note Company ya New York. Senti 3 ya zamani haina tarakimu, ina maneno THREE CENTS chini na maua kwenye kona. Ya 1861 ina tarakimu 3 kwenye kona za juu na herufi U na S kwenye kona za chini. Na meno: 1857 ni 15 na kidogo, madogo na yamebanana, 1861 ni 12. Ukiwa na kipimo hata picha huhitaji.

Angalizo moja kwa senti 3 ya 1861, kuna ya waridi ambayo ni ya kawaida na kuna ya pinki ambayo ni ghali, na kila anayeanza anadhani yake ni ya pinki. Rangi usiiamue kwenye skrini ya simu wala usiku chini ya balbu, iweke pembeni ya stempu nyingine tano sita za aina hiyohiyo, mchana, karibu na dirisha, na kama haijawahi kukaa pembeni ya pinki yenye cheti cha wataalamu basi iite waridi.

Mgongoni kuna vidoti vimebonyezwa

Hiyo ni grili. Kuanzia 1867 stempu zilikuwa zinabonyezwa na rola yenye vipiramidi ili nyuzi za karatasi zivunjike na wino wa muhuri uzame ndani, watu wasiweze kuosha stempu na kuitumia tena. Grili zinaitwa kwa herufi kulingana na ukubwa, na ukubwa ndo kila kitu. E ni kama milimita 11 kwa 13, F ni 9 kwa 13, na hizi mbili ndo utakazokutana nazo. Z ni 11 kwa 14, na senti 1 yenye grili Z zinajulikana mbili tu duniani, moja iko kwenye mkusanyiko wa Maktaba ya Umma ya New York. Yaani milimita moja ya urefu ndo inatenganisha stempu unayoweza kuinunua na ambayo hutaigusa maishani.

Kwahiyo pima vizuri. Laza stempu kifudifudi kwenye kitu cheusi, mulika tochi kutoka pembeni kabisa karibu usawa wa meza, hesabu mistari ya vidoti kwa upana na kwa urefu. Vidoti havionekani vizuri? Kawaida tu, vingi vilibonyezwa kwa nguvu hafifu, tena stempu iliyolowekwa ikabanwa na kitabu miaka mingi vinalala. Vidoti vinaonekana vikali, vimejaa sawasawa na karatasi imechanika chanika? Hapo shuku, grili za kuongezwa baadaye zipo tele.

Seti ya 1869, zile zenye treni, mpanda farasi wa posta na meli, ina grili yake karibu ya mraba, na hizo hazikupi shida kuzitambua.

Washington wa kijani senti 3: kampuni tatu, sura moja

Hapa ndo kwenye utamu wenyewe na ndo stempu utakayokuwa nayo nyingi kuliko zote, maana senti 3 ilikuwa nauli ya barua ya kawaida mpaka 1883. Kuanzia 1870 seti ilichapwa na National, mwaka 1873 mkataba ukaenda Continental Bank Note Company, na 1879 Continental ikaunganishwa ndani ya American Bank Note Company. Mchoro ni uleule. Unazitenganisha kwa vitu viwili, alama za siri na karatasi.

Alama za siri ni vimistari vilivyoongezwa kwenye bamba za Continental, kuanzia senti 1 mpaka 15. Kwa kujifunza macho anza na senti 1 ya Franklin, bluu. Tafuta tarakimu 1 chini, alafu kushoto kwake kuna kijilulu cha mviringo. Kwa lenzi, kijilulu ni cheupe kitupu? National. Ndani yake kuna kihilali kidogo cha wino? Continental au American. Ukishakiona mara moja kwenye stempu safi macho yanazoea, ila muhuri ukikaa hapohapo juu yake hakuna cha kufanya, chukua nyingine. Kwa senti 3 angalia utepe wa kushoto, ncha yake ya juu, sehemu ya chini ya ncha hiyo: kwenye Continental imewekewa kivuli kizito, kwenye National ni nyepesi. Hii ya senti 3 ni ngumu kuliko ya senti 1, weka mbili pamoja ulinganishe. Kwa senti 10 ni kinusu duara kwenye mkunjo wa utepe wa juu mwisho wa kulia. Senti 30 na 90 hazina alama, hapo unabaki na rangi na karatasi tu.

Una alama ya siri, sasa Continental au American? Karatasi. Ya Continental ni ngumu, inyanyue kwenye mwanga inaonekana imeshikana sawasawa. Ya American ni laini, imelegea, na kwenye mwanga inaonesha vishimo vishimo kama chandarua. Kuna wanaoipiga kona kwa kidole wasikilize kama inalia, mimi sipendi, karatasi ya miaka 140 ikipata mkunjo haurudi.

Na kuna kundi la nne, zilizochongwa upya 1881 na 1882. Senti 3 ya kundi hili ina kidashi kifupi cha kulala chini ya TS ya CENTS na kivuli cha pembeni ya yai kimekuwa chembamba nusu. Senti 1 mistari ya sehemu ya juu imechimbwa sana mpaka inaonekana kama rangi imejaa. Ukitambua hizi mapema unapunguza nusu ya rundo.

Usoni huna shaka ila hujui mwaka? Tarehe 1 Oktoba 1883 nauli ilishuka kuwa senti 2, kwahiyo Washington wa senti 2 wa kahawia nyekundu na Jackson wa senti 4 wa kijani ni wa kuanzia hapo. Garfield wa senti 5 ni wa 1882, aliuawa 1881 akiwa rais.

Kona za juu kuna pembetatu

Kwa stempu za kawaida za miaka ya 1890, hakuna pembetatu: 1890, American Bank Note. Zipo pembetatu: kuanzia 1894, kazi ilipochukuliwa na kiwanda cha serikali chenyewe, Bureau of Engraving and Printing. Hapo sasa ndo alama ya maji inaanza kufanya kazi, 1894 haina, 1895 inayo, herufi kubwa USPS za mistari miwili miwili. Tatizo la kawaida ni "sioni kitu", na sababu ni kwamba herufi zilitawanyika kwenye shiti zima, stempu moja inaweza kupata kipande tu cha mkunjo wa S. Kwahiyo kutoona sio sawa na kutokuwepo. Rudia ikiwa imelowa vizuri, igeuze, iangalie sekunde ileile inapoanza kukauka.

Washington na Franklin wa 1908 kwenda mbele

Hapa fuata utaratibu, usirukie. Kwanza thamani imeandikwaje: TWO CENTS kwa maneno ni ya kuanzia 1908, 2 CENTS 2 kwa tarakimu ni ya kuanzia 1912. Pili alama ya maji: mistari miwili mpaka 1910, mstari mmoja mpaka 1916, baada ya hapo hakuna. Tatu meno: 12 mwanzoni, 10 kuanzia 1914, 11 kuanzia 1917. Majibu matatu hayo yakigongana, mfano meno 11 na alama ya mistari miwili, pima tena kabla hujashangilia.

Mchoro umefifia na wino uko bapa kabisa? Usidhani ni feki moja kwa moja, kati ya 1918 na 1920 walichapa nyingi kwa ofseti, uchapaji usioacha wino umesimama.

Stempu za rola ndo zinazofekiwa zaidi, mtu anachukua ya kawaida yenye meno pande zote anapunguza pande mbili. Pima upana: ikiwa nyembamba kuliko milimita zinazotakiwa, au pande mbili zilizokatwa hazilingani sambamba, iache. Rola za 1908 mpaka 1910 usinunue moja moja bila cheti.

Rangi haipo kwenye katalogi

Nyekundu au ya chungwa imekuwa kahawia au nyeusi: hewa imeila. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa inarudisha rangi mara nyingi, ila jaribu kwanza kwenye ya bei rahisi. Kijani imekuwa bluu: jua au kemikali imeondoa njano, hiyo haina thamani ya kosa la uchapaji hata muuzaji akuapie. Karatasi imekuwa kama bluu: mara nyingi wino umevuja wakati wa kuloweka, hiyo karatasi ya bluu maarufu ya 1909, ya majaribio, ni habari nyingine.

Haipo kabisa kwenye kurasa za posta

Soma maneno yote. U.S. INTER. REV. ni stempu ya kodi, zilianza 1862 wakati wa vita, na uzuri wake ni kwamba sheria ilitaka mtumiaji aandike herufi zake na tarehe kwa kalamu, kwahiyo mwaka unausoma hapohapo. WAR DEPT., NAVY DEPT. na wenzake ni za wizara, kuanzia 1873. CONFEDERATE STATES ni za Kusini 1861 mpaka 1865, na nakala zake ni nyingi kuliko zenyewe.

Muhuri hauna mwaka

Kawaida kwa miaka ya 1850 na 1860, mji, mwezi na siku tu. Kama iko kwenye bahasha usiibandue, nakuomba sana. Angalia ndani kuna barua yenye tarehe, angalia ubavuni maana wafanyabiashara waliandika siku waliyopokea, alafu tumia nauli: 1847 ilikuwa senti 5 mpaka maili 300 na senti 10 zaidi ya hapo, kuanzia 1851 senti 3, kuanzia Oktoba 1883 senti 2, Novemba 1917 ikapanda 3 kwa sababu ya vita ikarudi 2 Julai 1919. Muhuri wenye mwaka nao unakwambia tu kwamba stempu haikutoka baada ya hapo, watu walikaa na stempu kwenye droo.

Vipimo vyote vinasema ni ile ya bei kubwa

Rudia siku nyingine ukiwa na macho mapya. Angalia meno ya upande mmoja kama ni makali na matundu yamepishana na wenzake, inaweza kuwa ilikuwa na upande mnyoofu ikatobolewa baadaye. Angalia kwenye benzini kama kuna kivuli cha kalamu kilichofutwa. Ikipita yote hayo ndo unafikiria cheti, Philatelic Foundation ya New York na American Philatelic Society ya Pennsylvania wote wanatoa, na ukiwa Dar au Nairobi piga hesabu ya ada pamoja na posta ya rejista kwenda na kurudi kwanza, maana kwa stempu ya kati inaweza kuizidi stempu yenyewe. Mpaka cheti kirudi, kwenye albamu iweke kwenye nafasi ya ile ya kawaida, na namba nyingine iandike pembeni kwa penseli.